Kumvi, Kinywe na Mwani: Nafasi ya Kiswahili katika Uchunguzi wa Hataza za Betri

Chokocho si mahali ambapo msomaji wa makala ya kitaaluma angetarajia kukutana na suala la hataza. Ni kijiji cha kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani, ambako watu waendao Kisiwa Panza hupanda vyombo. Hata hivyo, kama ilivyo katika madiko mengine madogo ya Unguja na Pemba, ni nadra mtu kushuka pale bila ya betri. Betri imo katika simu iliyo mfukoni, imo katika tochi, imo katika taa ya jua inayoning'inia barazani, na imo katika taa za kuvulia dagaa ambazo zimeiondoa karabai katika mashua nyingi. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari, lakini waya huo haumfuati mvuvi kilindini. Betri humfuata.

Sehemu kubwa ya betri hizo ni za lithiamu, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991 na ambayo waanzilishi wake, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019. Nyuma ya kila betri ya namna hii limo rundo la hati za kisheria zinazoeleza nani amevumbua nini na nani anazuiwa kufanya nini. Hati hizo ndizo hataza. Neno lenyewe halijazoeleka vya kutosha: wengi husema hakimiliki, neno linalohusu vitabu, nyimbo na picha, na mchanganyiko huo peke yake unatosha kuonyesha jinsi suala hili lilivyoachwa pembezoni mwa mazungumzo ya Kiswahili. Makala haya yanashikilia kwamba uchunguzi wa hataza ni kazi ya lugha kabla haujawa kazi ya kemia. Kwamba Kiswahili kinaiweza kazi hiyo, na mahali pengine kinaiweza vizuri kuliko Kiingereza. Na kwamba kukiweka nje kunawagharimu watu wa mahali kama Chokocho kitu ambacho kisheria ni chao tayari.

Ni vyema kwanza kueleza hataza ni makubaliano ya namna gani. Mvumbuzi anaueleza umma uvumbuzi wake kinaganaga, kiasi cha mjuzi mwingine wa fani hiyo kuweza kuufanya; kwa malipo, dola inampa haki ya kuwazuia wengine kuutumia kwa muda, ambao kwa kawaida ni miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa. Mambo mawili katika makubaliano haya husahauliwa mara kwa mara. La kwanza ni kwamba hataza haivuki mpaka. Uvumbuzi uliosajiliwa Japani na Marekani lakini haukuombewa hataza Zanzibar hauna mwenyewe Zanzibar. Mtu wa Chokocho anaweza kuutumia papo hapo bila ya kumlipa yeyote, ili mradi bidhaa yake haipeleki katika nchi ambamo hataza hiyo ina nguvu. La pili ni kwamba maelezo hayo huchapishwa, kwa desturi miezi 18 baada ya ombi la mwanzo, na yeyote anaruhusiwa kuyasoma. Kwa hiyo maelfu ya maelezo ya jinsi ya kutengeneza betri bora yamewekwa wazi, na kisheria ni huru kutumiwa Pemba. Kilichoyafunga ni lugha. Hapa ndipo idara za Kiswahili zinapohusika, wapende wasipende.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni wa elektrodi hasi iliyotengenezwa kwa silikoni. Betri ya lithiamu inapochajiwa, ioni za lithiamu huhama kutoka elektrodi chanya na kuingia katika elektrodi hasi. Inapotumika, hurudi zilikotoka. (Wengi huiita elektrodi hasi anodi. Kwa usahihi ni anodi wakati wa kutumika tu; inapochajiwa kazi hugeuka. Ndiyo maana waandishi makini wa hataza hupendelea kusema elektrodi hasi, na Kiswahili kingefanya vyema kuufuata uangalifu huo. Ncha hasi, kwa upande wake, ibaki kuwa jina la mahali waya unapogusa betri kwa nje.) Tangu mwanzo, mwenyeji wa ioni hizo katika elektrodi hasi amekuwa kinywe, ile kaboni nyeusi yenye tabaka laini inayotiwa pia katika penseli. Kinywe kinahitaji atomi sita za kaboni kuipokea atomi moja ya lithiamu, na uwezo wake wa juu kabisa kinadharia ni milliampea-saa 372 kwa kila gramu. Silikoni inapokea lithiamu nyingi zaidi: atomi nne za silikoni zinaweza kuzichukua atomi 15 za lithiamu, na uwezo wake unafikia takriban 3,579 kwa gramu, karibu mara kumi ya kinywe.

Kama mambo yangeishia hapo pasingekuwa na hataza za kuchunguza. Tatizo ni kwamba silikoni ikishiba huvimba mithili ya kunde zilizorowekwa, hadi kukaribia mara nne ya ujazo wake wa awali, ilhali kinywe huvimba kwa kiasi cha asilimia 10 tu. Lithiamu ikitoka, silikoni hunywea. Baada ya kuvimba na kunywea mara kadhaa chembe hupasuka, nyuso mpya hukutana na elektroliti na kujifanyia utando mpya, kila utando hula sehemu ya lithiamu, na betri hufa mapema. Takriban kila ombi la hataza katika uwanja huu ni jibu la tatizo hili moja. Wako wanaopunguza ukubwa wa chembe, kwani majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa chembe zenye kipenyo kilicho chini ya nanometa 150 hivi huvimba bila ya kupasuka. Wako wanaotumia nyuzi nyembamba mno za silikoni, njia iliyojulikana sana baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2008. Wengine huifunika silikoni kwa ganda la kaboni, au huacha nafasi tupu ndani ya ganda ili uvimbe upate pa kwenda, au hutumia oksidi ya silikoni badala ya silikoni tupu, au hubadilisha gundi inayozishikamanisha chembe. Betri nyingi zilizomo sokoni hutia silikoni kidogo tu ndani ya kinywe.

Jambo hili si la mbali kwa Mtanzania. Kinywe kinapatikana kwa wingi Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga, na katika Mkoa wa Lindi, na matumaini makubwa yamewekwa juu ya mashapo hayo kwa sababu ya betri. Kila hataza ya silikoni inayofaulu ni swali linaloulizwa kuhusu thamani ya kinywe cha Mahenge miaka ijayo. Inashangaza kidogo kwamba mjadala wa madini huendeshwa kwa Kiswahili, bungeni na vijijini, ilhali mjadala wa kitu kinachoweza kuyashusha thamani madini hayo haumo katika Kiswahili hata kwa sentensi moja.

Mchunguzi wa hataza hufanya nini anapolipokea ombi la aina hii? Halifanyii majaribio ya maabara. Husoma. Kwanza husoma madai, yaani zile sentensi zilizopewa nambari mwishoni mwa ombi, ambazo ndizo zinazochora mipaka ya haki inayoombwa, kama vigingi vinavyochora mipaka ya kiwanja. Kisha huyatafuta maarifa yaliyotangulia: hataza za zamani, makala, vitabu, chochote kilichowekwa wazi kabla ya tarehe ya ombi. Katika kutafuta husaidiwa na alama za uainishaji zinazotumika duniani kote. Elektrodi za aina hii hukaa zaidi chini ya H01M 4, na H01M 4/38 ni mahali pa vitu vilivyo elementi au aloi, silikoni ikiwamo. Alama hizo hazina lugha, na mwanafunzi anayezijua anaweza kufungua mlango wa ghala hata kama hawezi kusoma kilichomo. Baada ya hapo mchunguzi huuliza maswali matatu: je, jambo hili ni jipya, je, lina hatua ya uvumbuzi, yaani halingemjia kirahisi mjuzi wa kawaida wa fani, na je, linaweza kutumika katika uzalishaji? La tatu halisumbui katika betri. Mawili ya kwanza ndiyo yenye vita.

Upya hupimwa kwa ukali unaowashangaza wageni wa fani hii. Mwombaji akidai mchanganyiko wenye silikoni kuanzia asilimia 5 hadi 20, na makala moja ya zamani ikaeleza mchanganyiko kama huohuo wenye asilimia 10, basi dai zima limekwisha upya wake, kwa kuwa nukta moja iliyojulikana ndani ya mafungu hayo inatosha kuyavunja. Mwombaji hulazimika kurudi nyuma na kudai sehemu finyu zaidi, na kueleza kwa vipimo kwa nini sehemu hiyo ina faida ambayo haikutarajiwa. Hapo ndipo neno dogo linapopata uzito. "Kati ya 5 na 20" inaacha shaka kama 5 yenyewe imo. "Isiyopungua 5 na isiyozidi 20" haiachi shaka yoyote. Mwanasheria wa Kiswahili anayeandika mikataba ya pango anaijua tofauti hii bila ya kufundishwa na mtu wa betri.

Hatua ya uvumbuzi ni ngumu zaidi, na inafaa ifikiriwe kwa mfano wa karibu. Tuseme kijana wa Chokocho aliyesoma kemia anaviangalia vitu viwili vilivyomzunguka. Cha kwanza ni kumvi. Pemba ni kisiwa cha mpunga wa mabondeni. Mpunga ukikobolewa, kwa kinu au kwa mashine, takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake hubaki kuwa kumvi, na kumvi ikichomwa majivu yake kwa sehemu kubwa ni silika, ambayo ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Cha pili ni mwani, unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu mwaka 1989, wengi wa wakulima wake wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya mavuno ikitoka Pemba. Kijana huyo anafikiria kuitoa silikoni katika majivu ya kumvi na kuishikamanisha kwa gundi iliyotokana na mwani. Je, apewe hataza?

Mchunguzi mwadilifu angeanza kwa kumvunja moyo. Kupata silikoni ya elektrodi kutokana na kumvi si jambo jipya: mwaka 2013 makala mbili zilichapishwa juu ya jambo hilohilo, moja na watafiti wa Korea Kusini na nyingine na watafiti wa Stanford, na zote zilieleza kwamba silika iliyomo katika kumvi ina umbo la asili lenye vitundu vidogo mno, umbo linaloisaidia silikoni kuvimba bila ya madhara. Nusu ya ombi imekwenda. Lakini je, mwani? Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani ulioonyesha kuwa aljineti, kitu kinachotolewa katika mwani wa rangi ya kahawia, ni gundi nzuri sana kwa elektrodi za silikoni. Mchunguzi mvivu angeishia hapo na kulikataa ombi lote. Mchunguzi makini angekumbuka kwamba mwani unaolimwa Zanzibar, ule uitwao spinosamu na ule uitwao kotoni, ni mwani mwekundu. Hautoi aljineti bali karajini, kitu chenye muundo tofauti wa kemikali, ambacho vikundi vyake vina salfa. Swali basi huwa hili: mjuzi wa kawaida wa fani, akiwa ameisoma makala ya 2011, na akiwa amesoma pia kila kilichoandikwa tangu hapo juu ya karajini katika betri, angeongozwa moja kwa moja kwenye mwani mwekundu akitarajia kufaulu, au angeiona tofauti ya kemikali hizo kuwa sababu ya kutojaribu? Jibu litategemea hati zitakazopatikana na matokeo ambayo kijana huyo ameyaandika. Si jambo la kusemwa kwa kubahatisha. Lakini kila hatua ya hoja hii imewezekana kuelezwa hapa kwa Kiswahili bila ya kuazima hata sentensi moja, na hilo ni jibu tosha kwa wanaosema kwamba lugha haijafika huko.

Kuna tahadhari moja ambayo kijana huyo anahitaji kuambiwa kwa lugha anayoiota. Akikionyesha chombo chake hadharani na kukieleza katika maonyesho ya shule kabla ya kupeleka ombi, chini ya sheria nyingi atakuwa ameuvunja upya wa uvumbuzi wake kwa mkono wake mwenyewe, ingawa baadhi ya nchi husamehe miezi kadhaa. Wangapi wamepoteza namna hii kwa kutojua?

Sasa ufike mjadala wa sarufi, ambao wanaisimu ndio wenye dhamana nao. Madai ya hataza ni sentensi ndefu zenye virejeshi vingi, na ugomvi mwingi hutokana na swali la kirejeshi kinarejelea nini. Mwingereza akiandika juu ya chembe za silikoni ndani ya ganda la kaboni, kisha akaongeza maneno yenye maana ya "kuwa na vitundu", haijulikani vitundu ni vya chembe, vya ganda au vya kaboni. Mawakili hulipwa kwa miezi kuliamua hilo. Kiswahili kina upatanisho wa ngeli. "Chembe za silikoni ndani ya ganda la kaboni zenye vitundu" inasema vitundu ni vya chembe. "Lenye vitundu" inasema ni vya ganda. "Yenye vitundu" inasema ni vya kaboni yenyewe. Herufi mbili tatu zinaifanya kazi ambayo kwingineko inahitaji aya nzima ya fafanuzi. Wanaoisifu ngeli kuwa pambo la lugha wangeitendea haki zaidi kama wangeionyesha ikiamua kesi.

Hata hivyo si haki kuisifu bila ya kuonyesha inapoteleza. "Elektrodi ya silikoni yenye vitundu" haina msaada wowote: elektrodi na silikoni zote ni za ngeli moja, na "yenye" inaweza kushika upande wowote. Na hapa pana jambo ambalo waundaji wa istilahi hawajalipa uzito unaostahiki. Maneno ya mkopo yakiingia katika Kiswahili huelekea kumiminika katika ngeli moja, ile ya betri, elektrodi, kaboni, silikoni, lithiamu, elektroliti na oksidi. Kadiri maandishi ya kisayansi yanavyojazwa mikopo, ndivyo upatanisho unavyopoteza nguvu yake ya kutofautisha, na Kiswahili kinajikuta na utata uleule wa Kiingereza bila ya kupata faida yoyote. Mjadala wa zamani wa ama kukopa ama kuunda umezoea kuendeshwa kwa misingi ya uzalendo upande mmoja na urahisi wa kimataifa upande wa pili. Hataza zinaleta kigezo cha tatu, ambacho ni cha kisarufi: neno lililo katika ngeli nyingine huipa sentensi uwezo wa kusema kitu kimoja tu. Kinywe, neno ambalo wachimbaji na maofisa wa madini wanalitumia kila siku, linaleta "chenye". Ganda, utando, uzi, kitundu, kitenganishi, vyote viko nje ya ngeli hiyo ya mikopo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilifungua njia wakati ambapo betri ya lithiamu haijafika dukani. Kazi ya kuiendeleza haina budi kukiangalia kigezo hiki, si kuhesabu maneno tu.

Pana pia suala la madai yaliyo wazi na yaliyofungwa. Katika desturi ya hataza za Kiingereza, liko neno moja linaloonyesha kwamba kitu kina viungo vilivyotajwa na huenda kina vingine pia, na liko jingine linaloonyesha kwamba kina hivyo tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mshindani anaweza kukwepa kwa kuongeza kiungo. Kiswahili hakijajiwekea desturi. Mchuzi wenye pweza na nazi ni uleule hata ukitiwa ndimu, kwa hiyo "-enye" ni wazi. Mpishi yeyote atakubali. Lakini je, "unaoundwa na pweza na nazi"? Wasomaji kumi watatoa majibu mawili. Istilahi ya kisheria haizaliwi ikiwa imekamilika. Hufungwa maana yake kwa matumizi na kwa maamuzi. Ipendekezwe, kwa mfano, kwamba "-enye" na "-nayojumuisha" zishikwe kuwa wazi, na "-liyoundwa kwa ... pekee" iwe imefungwa, kisha ofisi zilitumie hilo bila ya kuyumba.

Wapinzani wana hoja zao na si zote dhaifu. Watasema kwamba wahandisi wa Afrika ya Mashariki husoma Kiingereza. Kwamba Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika, lililotokana na Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1976 na linalopokea maombi chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, hufanya kazi kwa Kiingereza. Na kwamba tafsiri ina gharama ambayo mwisho wake humwangukia mvumbuzi mdogo. Hoja ya gharama ni ya kweli. Hata Ulaya, kwa Makubaliano ya London yaliyoanza kutumika mwaka 2008, nchi kadhaa ziliacha kudai tafsiri ya hataza nzima. Lakini Ulaya haikuacha kila kitu: madai ya hataza ya Ulaya bado hutolewa katika lugha tatu rasmi za ofisi yake. Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaosimamiwa Geneva, unachapisha maombi katika lugha kumi, zikiwamo Kiarabu, Kikorea na Kireno. Kikorea na Kireno viliingia mwaka 2009. Hakuna aliyewaambia Wakorea kwamba wahandisi wao wanajua Kiingereza. Kiswahili, kilichokubaliwa na Umoja wa Afrika mwaka 2022 kuwa lugha yake ya kazi, hakimo katika kumi hizo. Tanzania Bara, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni vigumu kueleza jinsi hakimu atakavyoamua kwa Kiswahili juu ya mipaka ya dai ambalo halijapata kuandikwa kwa Kiswahili.

Wengine husema kwamba Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo madogo zaidi, imepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kufungwa na sehemu kubwa ya masharti ya mkataba wa biashara kuhusu miliki ya ubunifu, na kwamba hakuna haraka. Hoja hii inageuka na kumpiga aliyeitoa. Muda huo umetolewa ili nchi zijenge uwezo wa kutumia maarifa ya wengine. Na hayatumiki maarifa yasiyosomeka.

Madhara ya kutosoma yalishaonekana kwa majirani wa bahari hii. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza juu ya kutumia manjano kuponya vidonda, jambo ambalo mama yeyote wa Pemba, achilia mbali wa India, angelisema bila ya kuulizwa mara mbili. Baraza la utafiti la India lilileta maandishi ya kale na ya karibuni kama ushahidi, na mwaka 1997 madai hayo yakafutwa. Yalifutwa kwa sababu India ilikuwa na maandishi ya kuonyesha na watu wa kuyatafsiri. Ujuzi uliobaki midomoni, hata ukiwa wa karne nyingi, humfikia mchunguzi wa mbali kwa shida sana.

Zanzibar iko mahali pazuri pa kuanzia kuliko inavyodhaniwa. Miliki ya ubunifu si miongoni mwa mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 kuhusu miliki ya viwanda na ofisi yake ya usajili, wakati Bara kazi hiyo ni ya BRELA. Maombi yanayofika ni machache, na uchache huo, ambao kwa kawaida huelezwa kwa masikitiko, ni nafasi ya kuanza. Haitakiwi kutafsiri hataza nzima ya kurasa sitini. Muhtasari wa ombi, kwa kanuni za kimataifa, ni wa maneno 50 hadi 150 hivi yanapokuwa ya Kiingereza; madai mara nyingi hayazidi kurasa mbili tatu. Muhtasari na dai la kwanza kwa Kiswahili, yakaguliwe na BAKIZA pamoja na mwalimu mmoja wa kemia, vingetosha kwa kuanzia. Na kwa upande wa maarifa yaliyo huru, wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wa Dar es Salaam wangeweza kupewa, badala ya tasnifu nyingine juu ya mada zilizokwisha kuandikwa mara ishirini, kazi ya kufasiri madai ya hataza za silikoni zilizomaliza muda wake.

Wangekutana na matatizo mapema. Dai kama hili, lililotungwa kwa ajili ya mfano tu, linaonekana jepesi: "Elektrodi hasi ya betri ya lithiamu, yenye chembe za silikoni zilizotokana na kumvi, zilizofunikwa kwa ganda la kaboni lenye vitundu, na gundi iliyotokana na mwani mwekundu, ambayo uzito wake haupungui asilimia 5 wala hauzidi asilimia 15." Asilimia za nini? Za uzito wa elektrodi nzima, au za uzito wa vitu vikavu vilivyopakwa juu ya karatasi ya shaba? Na "ambayo" imeshika gundi, au imerudi nyuma hadi kwenye elektrodi, ambayo nayo ni ya ngeli ileile? Mwandishi wa dai ingembidi alivunje na kuanza upya kuanzia kwenye gundi.